Hatua 80 hadi Mlangoni kwa Wakwe

Jumamosi iliyopita tulikutana wanne, kama tunavyojitahidi kukutana kila mwezi, na mazungumzo yetu, ambayo kwa kawaida hurukaruka kutoka afya za watoto hadi mambo ya kazini na kurudi tena kwa watoto, safari hii yalituama mahali pamoja karibu alasiri nzima. Chanzo chake kilikuwa taulo. Mwenzetu mmoja, ambaye ni mshonaji na ambaye nyumba yake imetenganishwa na ya wazazi wa mumewe kwa uzio mmoja tu, alitueleza kwamba wiki hiyo mvua ilinyesha ghafla akiwa kazini, na aliporejea alikuta nguo zote alizokuwa ameanika zimekwisha kuanuliwa, zimekunjwa na kupangwa juu ya kitanda chake: mashati ya mume upande mmoja, nguo za watoto upande mwingine, nguo zake za ndani zimefichwa kwa adabu chini ya kanga, na taulo zimekunjwa mara tatu badala ya mara nne kama azikunjavyo yeye. Alisema alisimama mlangoni mwa chumba akiwa bado na mkoba begani, akazitazama zile taulo, machozi yakamlengalenga, na hadi anatusimulia hakuwa na hakika kama yalikuwa machozi ya shukrani au ya hasira.

Wa kwanza kumjibu alikuwa mwalimu, ambaye hana subira na huzuni asizozielewa. Alimwambia, "Shoga yangu, mwenzio angezikuta nguo zimeloa chepechepe, na wewe unalia kwa sababu zimekunjwa?" Mshonaji akajibu kwamba hakuwa analilia kukunjwa, bali alikuwa analilia kitanda. Mtu aliyekunja zile nguo aliingia hadi chumbani, akaona kitanda ambacho asubuhi hiyo hakikutandikwa kwa sababu mtoto aliamka na homa, akakitandika, kisha akaweka nguo juu yake. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemkaribisha, na hata hivyo hakuna kosa ambalo mtu angeweza kulitaja kwa jina. Nadhani hapo ndipo sote tulinyamaza kwa muda, kwa maana kila mmoja wetu alikijua kitanda hicho kwa namna yake.

Mimi mwenyewe naishi hatua 80 kutoka mlangoni kwa wakwe zangu, na nimeishi hivyo kwa miaka tisa. Naijua idadi hiyo kwa sababu nilizihesabu usiku mmoja nilipokuwa narudi nyumbani kutoka kwao, baada ya baba mkwe kuteleza bafuni na kuumia nyonga. Wakati wa kwenda sikuhesabu kitu. Mama alipiga simu, sauti yake ikiwa nyembamba mno hata sikuitambua, nasi tukatoka mbio, mume wangu akiwa kifua wazi, mimi nikiwa na kandambili mbili zisizofanana miguuni. Tulimfikia kabla hajaanza kutetemeka. Tulimfunika, tukamzuia asijaribu kuinuka, tukampeleka hospitali, na daktari alitwambia tulifanya vyema kutomvuta wala kumsimamisha. Ilipofika karibu na alfajiri, nikirudi peke yangu kuwatazama watoto, nilizihesabu zile hatua moja baada ya moja, nikimshukuru Mungu kwa kila moja ambayo haikuwepo. Nalitaja jambo hili mapema ili nitakayosema baadaye yasichukuliwe kuwa ni malalamiko ya mtu asiyejua thamani ya kuwa na wazee karibu. Naijua. Lakini hatua zile zile 80 ndizo ambazo mama mkwe alikuwa akizikata kila asubuhi katika mwaka wetu wa kwanza, kabla sijaoga, akiwa na ufunguo wake mwenyewe.

Ule ufunguo ulikuwa na kamba nyekundu, na mume wangu alimpa mama yake siku tuliyohamia bila kunieleza, si kwa ubaya, bali kwa sababu haikumpitikia kwamba lilikuwa jambo la kuelezwa. Kwake yeye mama alikuwa anaingia nyumbani kwa mwanawe kama alivyoingia chumbani mwake tangu alipokuwa mchanga. Kwangu mimi ilikuwa sauti ya kitasa kikizungushwa wakati nimesimama jikoni na nguo ya kulalia. Nilijifunza kuamka mapema zaidi, kisha mapema kuliko hapo, mpaka nikawa navaa na kuchana nywele gizani ili nikutwe nimesimama vizuri katika nyumba ninayolipia kodi. Sikumwambia mtu. Nilidhani kwamba mke mwema ni yule anayevumilia, na kwamba nikifungua mdomo nitakuwa nimemtaka mume wangu achague kati yangu na mama yake, ilhali yeye hakujua hata kwamba kulikuwa na jambo la kuchagua.

Nilipowasimulia hayo wenzangu, mwalimu alishangaa kwa dhati. Yeye anaishi karibu na wazazi wake mwenyewe, hatua chache kuliko mimi, na kwake mama huingia na kutoka, kaka zake huingia na kutoka, na baba yake huja kila jioni kusikiliza taarifa ya habari. "Na mume wako?" akauliza mshonaji. Mwalimu akasema mumewe hana neno, anawapenda, hajawahi kulalamika hata siku moja. Kisha akatuletea ushahidi, kwa kuwa yeye ni mtu wa ushahidi: alikuwa amesoma habari za utafiti wa Terri Orbuch wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, uliofuatilia jozi 373 za watu waliofunga ndoa mwaka 1986, ukaendelea nao kwa miaka mingi kuona nani waliachana na nani walidumu. Katika utafiti huo, wanaume waliosema mwanzoni mwa ndoa kwamba wako karibu na wazazi wa wake zao walikuwa na uwezekano mdogo wa kuachana kwa asilimia 20, ilhali wanawake waliosema wako karibu na wazazi wa waume zao uwezekano wao wa kuachana ulikuwa mkubwa kwa asilimia 20. "Mnaona," akasema mwalimu, "mume akae karibu na wakwe zake, mke akae mbali na wake. Sikutunga mimi."

Tuliujadili utafiti huo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na ningependa kueleza kwa nini sikuridhika na jinsi mwalimu alivyoutumia. Kwanza, ukaribu ulioulizwa pale ulikuwa wa moyo, si wa uzio. Mtu aweza kuishi ukuta kwa ukuta na wakwe asiwe karibu nao hata kidogo, na mwingine akawa na bahari katikati na bado akawa anapiga simu kila jioni. Pili, maelezo aliyoyatoa Orbuch mwenyewe ndiyo yaliyonigusa: kwamba mke aliyejenga ukaribu mapema na wazazi wa mume hupata taabu kuweka mipaka, na maneno yao juu ya malezi au juu ya nyumba huyapokea kama kuingiliwa katika utu wake wa mke na mama, ilhali mume huyapokea maneno ya wakwe zake bila kuyaona kuwa yanamgusa yeye binafsi. Mama mkwe akimwambia mume wa mtu kwamba mtoto amekonda, mume hukubali na kuendelea na shughuli zake. Akiyasema hayo hayo kwa mke, mke husikia kwamba ameshindwa kulea. Maneno ni yale yale, lakini yameangukia mahali tofauti. Nilimwambia mwalimu kwamba hilo halimwondolei mumewe haki ya kuulizwa, na kwamba mtu asiyelalamika huenda ameridhika, na huenda pia hajapata pa kulalamikia.

Hapo mwalimu akawa kimya, na baada ya muda akatwambia jambo ambalo naamini hakuwa amekusudia kulisema. Sebuleni kwao kuna kiti kimoja chenye mikono, ambacho mumewe alikinunua kwa mshahara wake wa kwanza baada ya harusi. Baba yake, anapokuja jioni kusikiliza habari, hukalia kiti hicho, kwa sababu ndicho kinachomfaa mtu mzima mwenye maumivu ya mgongo. Mumewe akirudi kazini humsalimia mkwewe kwa heshima, kisha huegemea ukuta karibu na dirisha mpaka habari ziishe. Mwalimu alisema ameiona picha hiyo kila jioni kwa miaka sita, na mpaka Jumamosi hiyo alikuwa akidhani kwamba mumewe hupenda kusimama dirishani.

Kabla sijaendelea, niseme neno juu ya majina, kwa sababu nimekuwa nikiyafikiria tangu siku hiyo. Lugha yetu ina hazina kubwa katika jambo hili. Mama wa mume au wa mke ni mavyaa, baba ni bavyaa, na ndani ya maneno hayo kuna kitenzi cha kale kuvyaa, ambacho ndicho kuzaa. Kwa hiyo kila umwitapo mtu mavyaa unakiri kwamba yuko aliyemzaa yule unayelala naye. Mke wa mtoto wa mtu ni mkaza mwana. Lakini neno tunalolitumia kila siku ni mkwe, na mkwe ni neno linalokwenda na kurudi: mimi ni mkwe wake naye ni mkwe wangu. Wifi vilevile; dada wa mume wangu ni wifi yangu, nami ni wifi yake. Shemeji hali kadhalika. Katika lugha nyingine nilizojifunza kidogo, kila upande una jina lake, mmoja juu na mwingine chini. Sisi tumepewa jina moja tulishike wote wawili, kila mmoja kwa ncha yake, na mmoja akilivuta kwa nguvu mwingine lazima ahisi.

Mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 kwamba ndoa huunganisha watu wawili na wakati huo huo huacha familia mbili zikiwa bado mbalimbali, zenye masilahi yao, na kwamba ndiyo maana katika jamii nyingi watu huwekeana ama utani ama heshima ya kujitenga, njia mbili za kuizuia tofauti hiyo isigeuke ugomvi. Tangu niliposoma maelezo hayo nimeacha kuiona haya ya mtu kwa mkwewe kuwa ni ubaridi. Shemeji zangu nawatania, nao wananitania, na hatujawahi kukosana. Mama mkwe simtanii. Kwa miaka mingi nilidhani ni kwa sababu sijamzoea. Sasa naona kwamba ile nafasi ndogo tunayoiacha katikati ndiyo iliyotuwezesha kukaa hatua 80 kwa miaka tisa.

Mwenzetu wa nne, ambaye hakuwa amesema mengi, ni muuguzi mstaafu aliyetuzidi umri sote, tunamwita dada kwa heshima, na ndiye pekee kati yetu ambaye yeye mwenyewe ni mavyaa wa mtu. Mwanawe wa kiume na mkewe wanaishi nyumba ya pili kutoka kwake. Tulipokuwa tukizungumza, nilimwona akikunja na kukunjua leso yake mapajani, na nikaanza kuona aibu, kwa maana tulikuwa tumesema mengi juu ya mama wakwe kana kwamba hakuwepo hata mmoja pale. Mwishowe mshonaji akamgeukia: "Dada, wewe ungekuwa ndiye mama, ungeingia chumbani?"

Alifikiri kabla ya kujibu. Alisema kwamba angeingia. Alisema ukiona mvua inanyesha juu ya nguo za mwanao na za wajukuu zako, na mlango haujafungwa, miguu hukutangulia, na ukishaingia na mzigo wa nguo mikononi, huwezi kuumwaga sakafuni kama mwizi aliyeshtuliwa. Unatafuta mahali safi pa kuuweka, na mahali penyewe ni kitanda, na kitanda hakijatandikwa, basi unakitandika, kwa sababu mikono imefanya hivyo miaka 40 bila kuuliza. "Lakini," akasema, "nikishatoka nje ningejua. Ningefika kwangu nikakaa, nikajiuliza kama nimekosea, na nisingethubutu kumpigia simu kumwuliza, kwa sababu simu hiyo nayo ingekuwa kosa la pili."

Kisha akatusimulia jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. Mkwewe alipojifungua mtoto wa kwanza, mtoto alikuwa akilia usiku kwa namna ambayo yeye, kwa kazi aliyoifanya maisha yake yote, aliijua kuwa ni kilio cha tumbo, si cha ugonjwa. Nyumba ni ya pili, madirisha yako wazi, kila kitu kinasikika. Usiku wa tatu alivaa, akatoka, akafika mlangoni kwao akiwa ameinua mkono kupiga hodi. Akasimama hapo. Ndani alimsikia mkwe wake akimwimbia mtoto kwa sauti iliyochoka kabisa, akimsikia pia mwanawe akisema, "Tumwite mama?" na mkwe akijibu, "Hapana, niache nijifunze." Alisimama na mkono ule juu, akasema, kwa muda ambao hawezi kuukadiria, kisha akaushusha, akarudi kwake, akakaa kitandani hadi mtoto aliponyamaza. Hajawahi kumwambia mkwewe kwamba alikuwa pale. Alisema wakati anaondoka alihisi mambo mawili: kwamba amefungiwa nje ya jambo pekee analolijua vizuri duniani, na kwamba mwanawe ameoa mwanamke wa maana.

Mwalimu, ambaye ndiye mwenye ulimi mkali kuliko sote, ndiye aliyetokwa na machozi.

Tulimwuliza dada angependa wakwe wafanye nini, kwa kuwa hatukuwahi kumpata mtu wa upande ule akiwa tayari kutwambia bila kinyongo. Jibu lake lilikuwa fupi kuliko tulivyotaka. Alisema hataki kuwa mgeni kwa mwanawe, na wala hataki kuwa mwenyeji, anataka aambiwe. Mama akiambiwa "Jumapili hatutakuwepo" huumia kidogo na kupona siku hiyo hiyo, lakini mama asiyeambiwa kitu, anayeziona taa zimezimwa na gari halipo, hukaa dirishani akitunga maelezo yake mwenyewe, na maelezo anayoyatunga mtu dirishani huwa mabaya daima. Akaongeza kwamba aambiwe na mwanawe. Jambo hilo alilirudia mara mbili. Mkwe akilisema neno lile lile, hata kwa upole wote, linafika likiwa limevaa nguo nyingine.

Naliunga mkono neno hilo kwa moyo wote, na nina sababu yangu. Mwaka wetu wa tatu, mume wangu alikosana na mama yake kwa jambo la fedha ambazo alikuwa ameahidi kumsaidia mdogo wake na hakuweza kuzitimiza kwa wakati. Walirushiana maneno barazani kwetu, mimi nikiwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa na hasira za miaka mitatu, za kitasa na za kuvaa gizani, nami nikaona nimepata nafasi. Nikamwambia mama kwamba mwanawe si benki, na kwamba angekuwa anamwonea huruma asingekuja kila siku kuhesabu alichonacho. Nakumbuka uso wake ulivyobadilika. Alikuwa anabishana na mwanawe kwa sauti ya juu, lakini mimi nilipoongea alinyamaza kabisa, akatengeneza mtandio wake, akaondoka. Siku mbili baadaye mume wangu alikwenda kwao, wakakaa, wakayamaliza, wakacheka. Maneno yao makali yalikuwa yamepita kama mvua juu ya paa. Yangu hayakupita. Ilinichukua miezi minane kabla mama hajanitazama tena machoni tunaposalimiana, na alikuwa na haki. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi niliacha jembe chini, nikaingia katikati yao, na siku ya kuvuna nilikuwa sina kapu.

Kilichotuokoa hatimaye ni kwamba nilimwomba radhi, peke yetu, bila kueleza sababu zangu, kisha nikamweleza mume wangu habari za ufunguo, kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba hasira niliyoitoa kwa jambo la fedha haikuwa ya fedha. Nilimwambia mambo aliyokuwa hajui: saa ninayoamka, sababu ya kuamka saa hiyo, giza. Alisikiliza, akashika kichwa. Hakumwendea mama yake na malalamiko yangu mkononi kama barua, jambo ambalo lingekuwa msiba mwingine. Alimwambia, kwa jina lake mwenyewe, "Mama, asubuhi nataka tuwe na nafasi yetu na watoto kabla ya kazi, uje jioni nikiwepo, na ufunguo ubaki nao kwa dharura." Ufunguo wenye kamba nyekundu bado anao. Ndio alioutumia mwaka jana nilipozimia nikiwa peke yangu na mtoto mdogo, na ningeweza kuandika ukurasa mzima juu ya siku hiyo, lakini nitasema tu kwamba sauti ya kile kitasa kikizungushwa ndiyo sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia nikiwa sakafuni.

Mambo mengine tuliyagusa kwa haraka. Mawifi tuliyaacha kwa siku nyingine, kwa sababu yanahitaji alasiri yake. Malezi ya wajukuu yalituchukua muda, na sote, dada akiwemo, tulikubaliana kwamba mtoto hudhurika zaidi na wakubwa wanaopinduana amri mbele yake kuliko na amri yenyewe. Bibi akimruhusu mtoto jambo nyumbani kwake, iwe ni sheria ya nyumba hiyo, na mtoto ana akili ya kutosha kujua kwamba nyumba mbili zina sheria mbili. Juu ya kukopeshana fedha na wakwe mnaoishi jirani hatukukubaliana hata kidogo. Mwalimu anaona ni wajibu. Mimi naona kwamba ukishamkopesha mtu utakayekutana naye uzioni kesho asubuhi, ama usamehe deni lile moyoni siku hiyo hiyo, ama usilitoe, maana deni huharibu hata salamu.

Tulipoachana, mshonaji alisema atazungumza na mumewe. Dada alimshika mkono, akamwomba ahakikishe kwamba mumewe anaanza kwa kushukuru, na kwamba shukrani hiyo isiwe ya mdomo wa kuingilia tu, kwani nguo kweli zilikuwa zimeokolewa.

Jana jioni nilipita kwa mshonaji kuchukua gauni la binti yangu. Mumewe alikuwa amekwisha kuzungumza na mama yake, na kwa maelezo yake mazungumzo yalikwenda vizuri. Alishukuru kwanza, kisha akasema kwamba chumba chao wangependa kibaki chao, na mama akajibu, "Nimekuelewa, mwanangu," bila kuongeza neno. Juzi mvua ilinyesha tena. Mshonaji aliporudi kutoka kazini alikuta nguo zake barazani, mahali pakavu, ndani ya kapu la mama, zimefunikwa kwa kipande cha nailoni ili zisirashiwe na matone. Hazikukunjwa. Taulo zilikuwa zimewekwa tu kama zilivyotoka kambani, bado zina alama za vibanio. Ni kile hasa alichokuwa amekiomba, akaniambia, na hata hivyo alipoliona lile kapu alihisi kama mtu aliyerudishiwa barua bila kufunguliwa.

Aliniuliza kama nadhani mama amekasirika. Nilimwambia kwamba swali hilo jibu lake liko ng'ambo ya uzio, na kwamba kwa vyovyote vile kapu si lake. Alikaa kidogo, akamaliza kushona pindo la gauni, akakata uzi kwa meno. Kisha akainuka, akazitoa nguo zote akaziweka juu ya meza ya cherehani, akajifunga kanga vizuri, akalichukua lile kapu na kutoka nalo. Niliisikia sauti yake akipiga hodi upande wa pili, na baada ya muda mfupi nikamsikia mama akiitikia.